Kupima Kivuli cha Nhai

Kijijini kwetu hakuna anayewajua nguruwe kama mimi. Nimezaliwa mwaka wa nguruwe, kwa kalenda yetu ya wanyama, na nikisikia mguno tu nakuambia huyu ana njaa, huyu ana mimba, huyu ana kiburi. Ukitaka kuwaona nguruwe niliowajua vizuri hivyo, chukua jembe uende nyuma ya bwawa, palipomwagwa chokaa, uchimbe. Wengi wao hawakufika hata urefu wa ndala.

Tena hawakuwa wangu. Nguruwe jike alikuwa wa Diu, mke wa marehemu shemeji yangu. Mimi na Diu ni wajane wawili wa ua mmoja: kisima kimoja, banda moja, na ugomvi mmoja ambao tumekuwa tukipokezana tangu tulipoolewa. Diu alileta nguruwe, mimi nikaleta ushauri. Yule jike nilimpa jina la Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa anakaa kutwa, ananenepa, na ukipita mbele yake anaguna kama mtu uliyemwomba mhuri.

Kuzaa, Mwenyekiti alizaa vizuri. Shida ilikuja baadaye. Uzao wa kwanza ulihara ukaisha wote. Uzao wa pili vile vile. Na kwa kuwa ule wa kwanza ulikuja mwaka ule ule Nhai alipoingia nyumbani kama mke wa Khoat, mtoto wa pekee wa Diu, basi Diu hakuhangaika kutafuta sababu mbali.

"Ana kivuli kizito," alisema.

Kwetu mtu huwa na kivuli kizito bila kosa lolote. Akikuingilia dukani asubuhi, hupati mteja mpaka jioni. Akimchungulia kuku anayeatamia, mayai yanaoza. Dawa yake ni moja: akishapita unachoma mabua ya mpunga nyuma yake, moshi unafuta alipokanyaga. Diu alichoma. Nhai akienda shambani, moshi. Akienda sokoni, moshi. Mwanzoni yule binti alikuwa anageuka kutazama, kisha akaacha kugeuka. Alipokuja kwetu alikuwa na kicheko cha ghafla, kama kwikwi, kinamshtua hata yeye mwenyewe. Nacho kilikwisha. Katikati hapo alikuwa amepata mimba ikatoka, akapata nyingine ikatoka nayo, huku mume wake yuko kusini anashona viatu kiwandani, anakuja mwaka mpya na begi la soksi.

Uzao wa tatu ulikuja wakati wa mavuno ya mwezi wa tano, joto limekaa juu ya paa kama paka. Diu alifunga tawi la miiba mlangoni mwa banda, alama kwamba ndani kuna mzazi, mgeni asiingie. Nhai ndiye aliyekuwa mgeni. Vitoto vilizaliwa vyekundu, vizuri, vinanyonya kwa kelele. Siku iliyofuata kimoja kikaanza kuhara maji yenye damu, na kabla hatujamaliza kusikitika kikaanza cha pili.

Diu akatoka bandani na ufagio.

"Wewe! Ulipita huku?"

"Nilikuja kuteka maji, mama," Nhai akajibu, ndoo mkononi.

"Huku kwenye banda?"

"Kisima kiko hapa, mama."

"Ungezunguka!"

"Azunguke apitie wapi?" nikauliza nikiwa kibarazani. "Apande juu ya paa ashuke na kamba? Labda tuhamishe kisima, Diu. Wewe shika upande ule, mimi nishike huu."

"Dada Thoa, usinifanyie mzaha. Vitoto vyangu vinakufa."

Na kweli vilikuwa vinakufa.

Diu akampigia simu Khoat palepale uani, sauti imefunguliwa ili sote tusikie. Akamweleza. Kule kiwandani mashine zilikuwa zinanguruma.

"Sasa mama unataka nifanye nini?"

"Hivi vikiisha, arudi kwao. Nimevumilia. Wajukuu sina, nguruwe sina."

Mashine zikanguruma tena kidogo.

"Fanya unavyoona, mama," Khoat akasema.

Nhai alikuwa amesimama na ile ndoo. Akaimimina kwenye mtungi, taratibu, asimwage hata tone, akaenda kuteka nyingine.

Sasa, kipaza sauti cha kijiji, kile kinachotuamsha alfajiri na habari za mbolea, kilikuwa kimetangaza kwamba maabara ya mifugo ya mkoa inawapima bure nguruwe wachanga wanaohara. Mimi huwa sikisikilizi, nakitukana tu. Lakini siku ile nilikumbuka. Nikamwendea Diu.

"Wampime mmoja. Wana mashine. Kama ni kivuli cha Nhai kilichomo tumboni mwa nguruwe, watakiona."

"Kivuli hakionekani kwa mashine."

"Basi wasipokiona hutakuwa umepoteza kitu. Utamfukuza hivyo hivyo."

Akanitazama anatafuta mtego uko wapi. Kisha akasema, "Haya, wampime. Wakisema ni ugonjwa, atakaa." Alisema mbele ya Nhai, na mimi nilimfanya aseme mara mbili.

Tukatia kitoto kilichokufa kwenye boksi jeupe la aiskrimu, Nhai akaendesha pikipiki, mimi nyuma nimelikumbatia boksi kama bibi harusi na mto wake. Njia nzima watoto walitukimbilia wakitaka aiskrimu. "Imekwisha ya vanila," nikawaambia, "imebaki ya nguruwe."

Maabara ilikuwa na mtaalamu kijana, binti mmoja jina lake Oanh, mwenye glovu na macho ya mtu asiyelala. Alifungua boksi, akalifunga.

"Bibi, huyu amekufa lini?"

"Jana."

"Hamkusikia harufu?"

"Mwanangu, mimi nimezaa watano na kufuga maisha yangu yote. Pua yangu ilistaafu."

Hakucheka, lakini alitukalisha akatueleza. Kijidudu anachokishuku huwa kimo kwenye matumbo ya nguruwe wengi na kwenye udongo wa mabanda, na nguruwe akishakufa kinazaana ndani ya maiti kama wageni wa matanga. Kwa hiyo kukikuta kwenye mzoga wa jana si habari. Anachokitafuta yeye ni sumu ambayo kijidudu kile hutema ndani ya utumbo wakati kitoto kingali hai. Nayo sumu haidumu, joto huiharibu.

"Nileteeni aliyekufa sasa hivi," akasema. "Awe bado na joto lake. Mtieni kwenye barafu mara tu roho inapotoka, mje mbio."

"Na tutajuaje ni saa ngapi atakufa?" nikauliza.

Oanh akamtazama Nhai, akashusha macho. "Itabidi mtu akae naye."

Basi aliyekaa ni Nhai.

Vilikuwa vimebaki vitatu. Diu alikwenda kugeuza mpunga barabarani unapoanikwa, hakutaka kuona. Mimi nikaomba barafu kwa muuza maji ya miwa. Nhai akaingia bandani, mara ya kwanza tangu Mwenyekiti azae, akakaa juu ya gunia, akakipakata kile kilicholegea zaidi. Boksi lilikuwa pembeni yake, wazi, barafu inayeyuka polepole. Mwenyekiti alilala ubavu, chuchu zimejaa, hakuna mwenye nguvu ya kunyonya.

Kitoto kilikuwa kinapumua kwa tumbo. Nhai alikuwa anakifuta nyuma kwa kitambaa, kila kikichafuka anakifuta. Kisha nikamwona anachovya kidole kwenye maji yenye sukari na chumvi anakinyonyesha.

"Nhai," nikamwambia, "unakingoja kife au unakitibu?"

"Sijui, mama mkubwa."

"Kikipona hatuna cha kupeleka."

"Najua."

Akaendelea kuchovya kidole.

Baadaye akaniuliza, bila kuinua kichwa: "Mama mkubwa, nilipotoka hospitali mara ile ya kwanza. Na ile ya pili. Nilipopita getini, mama alichoma mabua?"

Nilijifanya naangalia barafu.

"Nilisikia harufu," akasema. "Nikafikiri labda ni jirani anapika."

"Labda alikuwa jirani."

"Ndiyo. Labda."

Kitoto kikatetemeka mguu mmoja. Akakiinua karibu na uso wake, nadhani alikuwa anakisikiliza, au anakiambia kitu. Kilipoacha kupumua akakilaza kwenye barafu akafunika, akafunga kamba, fundo la kwanza likamponyoka, la pili likashika. "Twende, mama mkubwa. Kingali na joto."

Safari hii watoto walipotukimbilia sikuwa na utani wa kuwapa.

Oanh alitupokea mlangoni. Kupitia kioo nilimwona anakipasua kitoto. Utumbo wake ulikuwa mwekundu wa kuiva, karibu na weusi, kama ganda la muwa wa zambarau. Alivuta maji yake kwa bomba la sindano, akayazungusha kwenye mashine inayolia kama nzi, akayadondosha kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo, mfano wa trei ya mayai, ila mayai ya mjusi. Akaongeza dawa hii, akasuuza, akaongeza dawa ile. Tukakaa nje tukila wali wa kunata kwenye jani la mgomba. Nilikula mimi. Nhai alishika jani lake tu mpaka likapoa.

Mwishowe Oanh akatuita ndani akatuonyesha. Vishimo vingine vilikuwa na maji meupe kama ya kisimani. Vile vya kitoto chetu viligeuka njano, njano kali.

"Hii ndiyo sumu," akasema. "Inaua utumbo wa kitoto kwa muda mfupi. Kijidudu wanakiokota bandani na kwa mama yao saa zile zile za kuzaliwa."

"Kwa hiyo si mtu?" nikauliza. "Si mtu aliyepita na ndoo?"

"Mtu gani, bibi?"

"Sema tu kwamba si mtu."

"Si mtu."

Nikampiga Nhai begani kwa furaha. Lakini yeye alikuwa anaangalia vile vishimo.

"Daktari," akasema, "sumu hii inaweza kumpata mwanamke? Akiwa na mimba? Mwanamke anayesafisha banda?"

Oanh akamtazama usoni. Nadhani alielewa, si mjinga yule. "Hapana, dada. Hii ni ya nguruwe wachanga. Mimba haiigusi."

"Kwa hiyo hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nhai akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa mikono miwili. Jibu lilimsafisha kwa nguruwe, likamwacha palepale kwa mengine yote. Mimi wakati ule nilikuwa nashangilia, sikuliona hilo.

Tulipokuwa tunatoka Oanh akatuuliza: "Mama yao hakuchanjwa? Mwaka huu chanjo ilitolewa bure. Jike akichomwa sindano mbili kabla ya kuzaa, dang'a yake, yale maziwa mazito ya kwanza, inawakinga vitoto. Sijaona uzao mzima ukiisha hivi kwa jike aliyechanjwa."

"Alichanjwa," Nhai akasema. "Mama alisema alichanjwa."

Oanh akanitazama mimi, akarudi kwenye vishimo vyake.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilishuka kwa Thiem, mwanamke anayechanja mifugo kijijini kwetu. Nilimkuta barabarani anageuza mpunga kwa miguu.

"Thiem, ulimchoma Mwenyekiti wetu?"

"Nani? Ah, yule nguruwe mnene. Sikumchoma."

"Diu anasema alichomwa."

"Hata mimi aliniambia hivyo. Nilikwenda na kikasha changu, akanisimamia getini na ufagio. Akasema watu wa wilaya wameshapita. Mara ya pili nikaenda, ufagio uleule, maneno yaleyale." Akaendelea kusukuma mpunga kwa wayo. "Nilikuwa bado nimefunga kitambaa cheupe cha msiba, dada Thoa. Udongo wa mume wangu haujakauka. Nilipofika kona nikasikia harufu ya mabua yanaungua, nikajua hao watu wa wilaya ni nani: ni msiba wangu tu."

Diu nilimkuta anamwaga chokaa bandani. Vile viwili vya mwisho vilikuwa vimekwenda tukiwa maabara. Nikaegemea mlango, nikaongea kwa upole kabisa, ule upole wangu ambao marehemu mume wangu alikuwa anaukimbia.

"Ni sumu ya kijidudu, Diu. Imeonekana. Wanasema chanjo ingezuia. Hebu nikumbushe, nani alimchoma Mwenyekiti?"

"Nimeshakwambia. Watu wa wilaya."

"Mwanaume?"

"Mwanaume. Kijana."

"Mikono myepesi, eh? Mwenyekiti hakupiga kelele hata kidogo. Alimchoma wapi, pajani?"

"Pajani, ndiyo. Hapa."

"Thiem anasema chanjo ile inachomwa shingoni."

Diu aliendelea kumwaga chokaa mahali pamoja, palepale, mpaka pakawa na kichuguu. Kisha akakaa chini, juu ya gunia lile alilokalia Nhai.

"Dada, Thiem alikuwa na msiba mbichi. Ningemwachaje amguse mwenye mimba? Nilikuwa nawakinga."

"Najua."

"Nilikuwa nawakinga, dada!"

"Najua, Diu. Sasa mwambie Nhai."

"Mama mkwe amwangukie mkwe?"

"Basi mchinjie kuku."

Akamchinjia kuku. Alimchemsha jogoo mzima siku ile, hakuna sikukuu wala kumbukumbu ya mfu, na paja akaliweka kwenye bakuli la Nhai, akasema, "Kula." Akaongeza la pili, ambalo kwa desturi ni langu, nikalitazama linavyokwenda. "Yule nguruwe," Diu akasema akiangalia ukutani, "kuanzia kesho utamlisha wewe." Kwa Diu hiyo ni hotuba. Nhai akasema, "Ndiyo, mama. Asante, mama." Akala paja moja lote, akasafisha vyombo, akafua.

Asubuhi akatoka amevaa vizuri, begi mkononi.

"Mama, naomba ruhusa niende nyumbani kidogo. Ni kumbukumbu ya babu. Keshokutwa nitakuwa nimerudi kumlisha Mwenyekiti."

"Nenda," Diu akasema haraka. "Nenda, msalimie mamako. Mchukulie na mchele mpya." Akakimbilia ndani, akatoka na mfuko wa mchele mkubwa kuliko anaostahili mtu wa siku mbili. Akasimama kibarazani, mikono haina pa kuiweka. Kwenye kona palikuwa na rundo la mabua makavu ya mavuno yale. Hakuligusa. Nhai akatembea mpaka getini, na pale, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana, akageuka kutazama nyuma. Hapakuwa na moshi. Alitazama vizuri, kama mtu anayetaka kuwa na hakika.

Mimi nilikuwa getini namsaidia kufunga begi nyuma ya pikipiki. Lilikuwa zito, limejaa limevimba, nikavuta kamba kwa nguvu zangu za kizee na zipu ikapasuka ubavuni. Kikachomoza kitu chekundu. Nikakivuta kidogo, kwa kweli nilitaka kukirudisha ndani. Kilikuwa koti lake la pamba la majira ya baridi, lile alilokuja nalo siku ya harusi, ambalo huku halivaliki mpaka mwisho wa mwaka.

Diu alikuwa ameshuka ngazi analeta kamba nyingine. Akasimama.

Jasho lilikuwa linatutiririka sote watatu.

"Mwanangu," nikasema, nikajaribu kucheka, "huko kwenu baridi imeanza lini?"

Nhai akalitazama lile koti kama la mtu mwingine, akalichukua mkononi mwangu, akaanza kulikunja upya.